Digrii za Daraja

Jumatatu, 31 Machi 1975

Leo ndiyo siku ya mwisho ya baridi ya kawaida. Kesho serikali inabadilisha digrii. Redio imesema, gazeti limesema, na bosi wangu dukani amesema huku akinitazama mimi peke yangu: kuanzia kesho hali ya hewa Kanada nzima itatangazwa kwa Selsiasi. Farenhaiti basi. Wacha ikapumzike.

Sawa. Mimi ni raia mwema. Shida ni kwamba ng'ambo ya mto ni Marekani, na Wamarekani hawabadilishi kitu. Na ng'ambo ya mto ndiko anakoishi Leona.

Niandike tu, hakuna anayenisoma. Nampenda Leona Sprague. Nimempenda tangu alipofiwa na mumewe, Amos, na kusema kweli hata kabla, Mungu anisamehe. Sijawahi kumwambia. Mambo hayo huwezi kumrukia mtu nayo hivi hivi.

Nilicho nacho ni simu. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu nasimama dirishani, naangalia jikoni kwake ng'ambo. Taa ikiwaka, napiga. Ananiuliza baridi yangu ngapi. Siku zote natangulia mimi. Anasema aliyepiga ndiye anayeanza. Nasema labda ishirini na nane. Ananiambia, "Aa, wapi, Hazen! Kwangu ishirini na tisa." Hapo tunabishana. Mimi nasema kipimajoto chake kiko karibu na bomba la moshi. Yeye anasema changu kimezeeka kama mwenyewe. Nasikia birika lake linaanza kuimba, na jogoo wake nyuma. Halafu anasema haya, kesho, na anakata.

Basi. Hiyo ndiyo mali yangu yote duniani. Nikishasikia birika lile, siku nzima nauza misumari kwa furaha.

Jioni nimeking'oa kipimajoto cha zamani ukutani na kutundika kipya cha Selsiasi. Dada yangu Muriel, ambaye ninakaa naye, ameniuliza kama nimetumwa na waziri mkuu mwenyewe. Hajui uzalendo yule.


Jumanne, 1 Aprili

Msiba!

Taa ikawaka, nikapiga. Akauliza yangu ngapi. Nikasema kwa sauti ya kiraia: mbili chini ya sifuri.

Akacheka, akasema amekumbuka leo ni Sikukuu ya Wajinga, haya sasa niseme ya kweli. Nikasema hiyo ndiyo ya kweli. Akauliza tena, taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Nikarudia. Akasema basi kwake ni ishirini na tisa.

Baridi ni ileile, lakini mbili chini ya sifuri na ishirini na tisa! Mtu utabishana nini hapo? Hakuna hata pa kushika. Nikajaribu kumwambia kipimajoto chake kiko karibu na bomba la moshi, lakini hata mimi niliona bomba gani hilo. Akasema "Haya, Hazen," kwa sauti ndogo, akakata. Birika lilikuwa halijaimba.

Siku nzima dukani nilikuwa kama nimeacha kitu kwenye basi. Wazee wakaja kusoma ubao wangu wa chaki pale mlangoni, ninapoandika baridi ya siku, wakacheka, wakasema Hazen mwaka huu umetuweza. Hakuna aliyeamini kwamba si mzaha.

Muriel anasema nimtajie Leona digrii za zamani, yaishe, tabu ya nini. Nimemjibu kwamba mwanamume hawezi kuwa na digrii moja hadharani na nyingine kwenye simu. Akasema wanaume aliowafahamu yeye wengi hawana hata moja.


Jumatano, 2 Aprili

Nimepata! Nimepata!

Nilikuwa namwagia maji ya moto ngazi zilizoganda. Nikawaza: maji yanaganda kwao kwa thelathini na mbili, kwetu kwa sifuri. Sasa mbona tunagombana? Jumlisha, gawa kwa mbili. Kumi na sita! Kuchemka: kwao mia mbili kumi na mbili, kwetu mia moja. Jumlisha, gawa. Mia moja hamsini na sita! Hakuna aliyeshinda, hakuna aliyeshindwa. Kila serikali imetoa kidogo.

Nimeziita Digrii za Daraja, kwa lile daraja la mtoni linalounganisha kwetu na kwao.

Nikachukua vipimajoto viwili vya dukani, vile virefu vinavyopima toka barafu hadi kupita maji ya kuchemka, nikafuta namba, nikachora zangu kwa rangi nyekundu ya boti. Brashi ilikuwa nene kidogo lakini kwa mbali vinapendeza. Kimoja changu, kimoja cha Leona. Watu wawili tu duniani watakaozijua.

Muriel akaviangalia. Akasema yaani zamani mlikuwa hamwelewani kwa namba mbili, sasa mmeongeza ya tatu. Wavumbuzi wote wana dada.


Alhamisi, 3 Aprili

Niliomba ruhusa dukani, nikavuka daraja kwa miguu. Askari wa forodha akauliza nimebeba nini. Nikamwonyesha. Akageuza, akageuza tena, akauliza kumi na sita ni nini. Nikaanza kumweleza. Akasema basi, pita tu.

Leona alikuwa bandani. Huu ndio msimu wake: ametoboa miti yake ya mepo, amekinga utomvu kwa ndoo, anauchemsha kwenye sufuria pana mpaka uwe asali. Mvuke umejaa banda zima. Amefunga kitambaa kichwani, mashavu mekundu, unywele mmoja umegandia kwenye paji la uso. Nikasahau nilichojia.

Kisha nikamwona Merle Haskell. Huyo naye! Anauza mafuta ya taa na petroli pale njia panda, ana gari jipya na meno yake yote. Naye kaleta kipimajoto! Cha bati, kikubwa kama sinia, kimeandikwa jina la kituo chake kwa herufi za manjano, Farenhaiti tupu. Akaniita jirani. Akaniuliza eti ni kweli Wakanada sasa tumeishiwa na digrii tunaanza kukopa chini ya sifuri. Akacheka mwenyewe mpaka akakohoa.

Nikampa Leona changu mbele yake. Nikaeleza. Merle akasema kitu kisicho cha huku wala cha huko, si punda si farasi, kwao huitwa nyumbu. Leona hakucheka. Alifuta mikono kwenye aproni, akakishika kama yai, akakiangalia muda mrefu. Akaniuliza nimekichora mwenyewe? Nikasema ndiyo. Akaniuliza sasa asali ataiepua kwenye ngapi.

Kila mtu mtoni hapa, wa kwao na wa kwetu, anajua hilo toka utotoni: maji yakichemka, ongeza digrii saba, epua. Nikamwambia ni ileile, saba juu ya kuchemka. Digrii ni digrii.

Akasema sawa, safari hii atachemsha kwa kipimajoto changu. "Kwa ajili yako, Hazen." Alisema hivyo! Mbele ya Merle! Nilirudi darajani sijui nilikanyaga nini.


Ijumaa, 4 Aprili

Nimesema kumi na sita. Akasema, "Wapi! Kumi na saba."

Kumi na saba! Tumerudi! Nikamwambia bomba la moshi hilo. Akasema ni macho yangu. Nikasema ni rangi yake haijakauka. Tukabishana mpaka birika likaimba likanyamaza, na hakukata. Akaniambia theluji nyuma ya banda imeanza kulegea, na usiku anasikia maji yakitembea chini ya barafu, na sauti ile humtia upweke. Nikasema kumi na sita ndiyo inavyokuwa. Akasema haya, kesho.

Sijawahi kuwa na siku kama hii. Nimeimba dukani. Bosi akaniuliza kama naumwa.


Jumamosi, 5 Aprili

Nimepata akili ya kupanua uvumbuzi. Muriel alipokwenda kwa msusi nilibandua namba za oveni yake nikachora za Daraja. Ilikuwa iwe zawadi.

Jumamosi ni siku ya maharage. Muriel huyaloweka Ijumaa, akayatia sukari guru na kipande cha nyama ya nguruwe, akayaacha ovenini kutwa kwenye mia tatu. Miaka yote hiyo haangalii namba, anaangalia mahali. Leo mahali palikuwa na namba yangu, akaona haifanani, akaitafuta mia tatu yake, akazungusha mpaka pale. Mia tatu yangu ni kali kuliko yake. Kali sana. Nilikuwa sijamweleza bado.

Jioni tumefungua chungu. Changarawe! Ungeweza kuyamwaga barabarani yakazuia magari kuteleza. Muriel alichukua punje moja akaidondosha kwenye sahani yangu ili niisikie. Ngo!

Tumekula mkate na jibini. Nimemwambia kila uvumbuzi una siku zake za mwanzo. Ameniambia kama nikigusa kitu kingine chake chenye namba, hata kalenda, nitafute pa kulala.

Si kitu. Kesho ni karamu ya chapati za maji kwenye ukumbi wa kanisa kwao Leona. Watu wa pande zote mbili wanakuja, kama kila mwaka. Asali ni ya Leona. Nimetoa tai.


Jumapili, 6 Aprili

Sitaki kuandika.

Naandika.

Ukumbi ulijaa. Chapati zinafuka moshi, watoto wanagonga uma, chupa za asali ya Leona zimepangwa mezani zinawaka kama taa. Mchungaji akaomba, akasema amina, akainamisha chupa. Haikutoka kitu. Akaitikisa. Haikutoka kitu. Mzee mmoja akaigeuza chini juu kabisa na kuitazama kwa ndani. Chupa zote! Chini imeganda mawe ya sukari, juu imekuwa gundi. Asali ya mkupuo wa kwanza, ile nyeupe nzuri, ambayo Leona huisubiri mwaka mzima na hakuna mwingine mtoni anayeiweza.

Merle akasimama, akagonga chupa kwa kijiko. Akatangaza kwamba mwenye nyundo aje mbele. Ukumbi ukaangua kicheko. Kisha akaenda garini akaleta makopo ya asali ya dukani. Alikuwa nayo tayari! Akammiminia kila mtu kama bwana harusi. Mtu akauliza imekuwaje, na Merle akaeleza kwa sauti: digrii za Hazen ni nene kuliko za watu, saba zake ni kama tisa zetu, na ile brashi yake ndiyo imemalizia.

Nilipiga hesabu kwenye kitambaa cha mezani. Kweli ni tisa.

Leona alikuwa kasimama mlango wa jikoni na upawa mkononi. Hakuniangalia kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira. Nikatoka kwa mlango wa nyuma. Tai niliiacha sijui wapi.


Jumatatu, 7 Aprili

Taa yake imewaka. Sikupiga.

Nimesimama dirishani na simu mkononi mpaka mkono ukafa ganzi. Nilikiona kivuli chake kikipita, kikirudi, kikisimama. Halafu kukapambazuka, taa ikazimwa. Nyumba nzima ilikuwa kimya. Sikujua kwamba mtu anaweza kuumwa na kiu ya birika la mtu mwingine.

Mchana Muriel amerudi na habari za kwa msusi. Merle amemposa Leona! Jana ileile, baada ya karamu, wakiosha sahani. Leona amemwambia atampa jibu Jumatano saa nne asubuhi. Kuna watu wameshaanza kuuliza keki.

Muriel akaketi mbele yangu, akanishika mkono, jambo ambalo halijatokea tangu mama alipokufa. Akasema, "Kaka'ngu, vuka lile daraja leo. Usibebe kitu. Nenda na mdomo wako tu."

Nimemwambia nitafikiri. Nimefikiri. Tatizo liko kwenye brashi.


Jumanne, 8 Aprili

Amekuja mwenyewe!

Nilikuwa dukani, nyuma, kwenye rangi, natafuta brashi nyembamba. Kengele ya mlango ikalia. Leona, na koti lake la kijani, pua nyekundu kwa upepo wa darajani, na chupa moja ya yale mawe. Bosi akajifanya anahesabu vitasa.

Nikaanza kumwomba radhi. Akaniambia ninyamaze. Akaweka chupa kaunta. Akasema asali yeye hajawahi kuipima na kitu maisha yake yote. Huinua upawa, akaona inavyodondoka, basi. Macho yalimwambia epua, sufuria ilimwambia epua, na yeye akaiacha motoni, kwa sababu kipimajoto changu kilikuwa bado hakijafika saba. Nilikuwa nimekichora kwa mkono wangu. Hakutaka kukikosesha.

Nikasema basi ni kweli kosa ni la brashi.

Akafumba macho. Akafumbua. Akasema kuna jambo jingine. Kipimajoto chake cha ukutani, kile tunachobishania kila asubuhi, kilipasuka zamani, ule mwaka wa kwanza tu, Amos hajamaliza hata miezi kaburini. Hakuwahi kununua kingine. Cha Merle kile cha sinia amekigongomea kwenye banda la kuku, kinawatazama kuku. Na changu cha Daraja hakijawahi kutoka kwenye ile sufuria ya asali, hata Ijumaa tulipobishana.

Nikamuuliza sasa zile namba alikuwa anazisoma wapi.

Akasema, "Pumbavu we! Ndiyo maana nakutanguliza. Unasema ishirini na nane, naongeza moja. Unasema arobaini, napunguza moja. Ili ukasirike. Ili usikate."

Nilishika kaunta. Miaka yote hiyo! Nimeziandika ukutani jikoni, zake na zangu, safu mbili, msimu kwa msimu! Zake zote ni za kichwani!

Akaniambia Merle anakuja kesho saa nne kuchukua jibu. Akaniambia yeye hana haraka ya kuolewa, ana haraka ya kusikilizwa. Akaniuliza, macho yamelowa, mimi Hazen nina neno gani la kumwambia.

Neno lilikuwepo. Nalijua. Nimelala nalo kila usiku. Nikafungua mdomo.

Nikamwambia nitamtengenezea kipya.

Bosi aliangusha kitasa. Leona akanitazama muda mrefu sana. Akaanza kucheka, kicheko kikamgeukia katikati, akajifuta macho kwa glavu. Akasema kesho asubuhi nisipige. Atapiga yeye. Atatangulia yeye. Na nisikilize vizuri, maana hatarudia.


Jumatano, 9 Aprili

Saa kumi na mbili na nusu. Simu imelia. Yeye kanipigia mimi! Nilishika karatasi na kalamu tayari.

Hakusema namba. Alisema, "Hazen, huku kwangu kuna baridi."

Nikangoja. Nilisikia birika linaanza. Akasema ni baridi sana, nyumba ni kubwa, kitanda ni kikubwa, na amechoka kuwa nayo peke yake. Kisha akaningoja.

Nilihisi kwamba hii ndiyo saa yenyewe, kwamba nikikosea sasa nimekosea milele. Kwa hiyo nikawa mwangalifu sana.

Nikamuuliza baridi ngapi.

Birika liliimba, likaimba, hakuna aliyeliepua. Nikaongeza, kwa upole wote nilio nao, kwamba bila namba mimi nitajuaje. Akasema, "Kwaheri, Hazen." Kwaheri, si haya, kesho. Nafikiri alikuwa anawahi birika.

Maskini Leona. Sasa nimemwelewa. Mwanamke anaganda ndani ya nyumba yake na hana hata kitu cha kupimia! Na mimi nimekaa miaka yote nabishana naye. Nimeanza kazi palepale. Hiki kitakuwa bora kuliko vyote: Farenhaiti kushoto, Selsiasi kulia, Daraja katikati, na brashi ya nywele tatu. Atasoma apendako, nami nitamwelewa. Hataweza tena kukosa la kuniambia.

Muriel yuko jikoni analia, ameegemea ile oveni. Nimemwambia ni harufu ya rangi, afungue dirisha.

Mimi nimefungua langu. Gari jipya limesimama nje kwa Leona, na saa nne bado. Merle anashuka, kavaa suti, kabeba maua. Maua! Nimecheka peke yangu. Maua hayapimi kitu. Rangi hii inataka siku nzima kukauka, kwa hiyo kesho asubuhi navuka daraja.